Sinia Lililooshwa Siku ya Shukrani

Ludema Stiltner hakuwa mtu wa kusema uongo ovyo. Lakini akiamua kuusema, aliusema kama alivyooka mkate: mkubwa, wa moto, na wa kuwatosha wote waliopo. Wiki ile ya Siku ya Shukrani alioka mikate miwili ya namna hiyo, yote kwa simu, kabla kahawa yake ya asubuhi haijapoa.

Wa kwanza alimlisha kaka yake mkubwa, Orbin Pruett. "Njoo na mkeo mle bata mzinga kwangu, kaka. Doyle hayupo, kaenda kwa binti yake Georgia." Wa pili alimlisha mdogo wao, huyo huyo Doyle. "Njoo tu, mdogo wangu. Mwaka huu Orbin anakula kwa wakwe zake, huko chini Memphis." Kisha akaweka simu, akatazama dari, akamwambia Mungu kwamba jambo hili watalizungumza baadaye, wao wawili tu.

Maana Orbin na Doyle hawakuwa wameketi meza moja tangu walipomzika mama yao, Mama Icie. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mti. Nyuma ya nyumba ya mama yao palisimama mti wa jozi mkubwa kiasi kwamba, kwa maneno ya watu wa bonde lile, kunguru aliyeanza kuuzunguka asubuhi alilazimika kulala njiani. Juma lile lile la mazishi, Doyle akiwa kitandani na mgongo ulioteguka, Orbin alileta msumeno akauangusha. Hakuuliza mtu. Doyle alipoweza kuinuka, alikuta kisiki. Tangu hapo mmoja akiingia kanisani kwa mlango wa mbele, mwingine alitokea wa nyuma, na mchungaji akazoea kuhubiri akitupa macho huku na huku kama mtu anayevuka barabara kuu.

Ludema angeweza kuwaacha wanuniane mpaka meno yawatoke. Lakini Jumatatu inayokuja Doyle alikuwa anapasuliwa moyo. Daktari alikuwa amemweleza mambo mengi, na katika hayo yote Doyle alimsimulia dada yake moja tu: kwamba wengine huwa hawaamki. Kisha akamkazia macho.

"Ukimwambia Orbin, Lu, sikuongeleshi tena. Sitaki huruma yake. Akija kwangu, aje kwa miguu yake."

Sasa mtu asiyejua kitu atakuja vipi? Hilo ndilo lililomkosesha Ludema usingizi. Hakuogopa sana kisu cha daktari, kwa sababu kisu hakikuwa mikononi mwake. Aliogopa kwamba Jumatatu itafika, Doyle atalazwa juu ya kile kitanda chao cha magurudumu, na kaka yake atakuwa nyumbani anapasua kuni, hana habari, na neno la mwisho kati yao litabaki kuwa lile tusi walilotupiana kandokando ya kisiki.

Ludema alikuwa ameendesha basi la shule, lile la njano, tangu usichana mpaka bega lake la kulia lilipogoma. Barabara za milima ile ya Tennessee zimejikunja hivi kwamba ukikata kona unasoma kibao cha namba cha gari lako mwenyewe. Ludema hakuwahi kulikwaruza basi lile hata kidogo, iwe mvua iwe theluji, na hakuna kitu alichojivunia zaidi duniani. Wala hakuwahi kugeuka nyuma kuamua ugomvi wa watoto. Alitazama kioo. Alijua nani atampiga nani kabla ngumi haijakunjwa. Akiona mambo yameiva, aligusa breki kidogo, watoto wote wakayumba, wakadakana wasianguke. Na ukishamdaka mtu, ngumi huwa imekupotea.

Siku alipostaafu walimpa kile kioo kirefu cha ndani ya basi. Akakitundika jikoni kwake juu ya jiko, akawa anapika huku anaona sebule yote na mlango wa baraza bila kugeuza shingo.

Breki yake safari hii ilikuwa mchuzi.

Kwao akina Pruett mtu haondoki kwenye nyumba ambayo mchuzi wa bata mzinga haujafika mezani, na sala haisemwi mpaka mchuzi ufike. Hiyo ilikuwa sheria ya Mama Icie, aliyesema Mungu habariki sahani kavu. Mjomba Garland alidharau mwaka mmoja, akaondoka bata bado yumo kwenye oveni. Pale nje nyumbu wa mkokoteni akampiga teke, akaruka juu ya paa la ghala na kwenda kutua wilaya ya jirani, kofia bado kichwani, na inasemekana tangu siku hiyo ilibidi apigie kura huko huko.

Orbin alifika wa kwanza na mkewe mpya, Twyla, mwanamke mwema wa kutoka upande wa tambarare, mwenye mikono isiyojua kukaa bure. Alikuwa hata hajamaliza kuvua koti pale mumewe aliposogea dirishani.

"Hiyo pikapu ya nani?"

"Pikapu ipi?" Ludema alisema, akiangalia viazi.

"Ludema."

"Aa, ile. Inafanana na ya Doyle, eti?"

"Inafanana kwa sababu ni ya yule, na yule mwenyewe yumo ndani."

Mlango ulifunguliwa. Doyle aliingia amebeba bakuli la viazi vitamu, uso wake una rangi ya jivu, akamwona kaka yake amesimama katikati ya sebule. Akaliweka bakuli mezani polepole.

"Kumbe Memphis siku hizi imesogea," akasema.

"Na Georgia nayo," akajibu Orbin, ila aliliambia dirisha. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kofia. "Twyla, vaa koti."

"Si ndiyo kwanza nimelivua?"

"Livae tena."

Ludema alitokea mlangoni mwa jikoni, uma mrefu mkononi. Sauti aliishika kama usukani. "Bata ametoka kwenye oveni sasa hivi. Mchuzi unafuata. Atakayetoka kabla ya mchuzi, aende akamwambie Mama mwenyewe, makaburi hayako mbali."

Wanaume wazima wawili wakatazama sakafu.

"Nakaa mpaka mchuzi na sala," Orbin akasema hatimaye. "Kwa ajili ya Mama. Sala ikiisha, naondoka."

"Hakuna aliyekuomba ukae," Doyle akauambia ukuta, akatoka kwenda barazani kwenye baridi. Orbin akaketi mbele ya televisheni kutazama mpira, koti mwilini, funguo za gari zimelala gotini.

Haikuwa amani. Ila wote wawili walikuwa ndani ya basi na basi lilikuwa linakwenda. Ludema akahema, akamfunika bata aliyepumzika juu ya ubao, akaliacha sinia kubwa la kuokea pembeni ya sinki. Ndani ya sinia hilo ndimo mlimokuwa na mali yote: mafuta ya bata, maji yake ya nyama, na ule ukoko mweusi mweusi ulioshika kwenye kona, ambao ukiukwangua na kuukoroga na unga ndio mchuzi wenyewe. Mengine yote ya siku ile ni mapambo. Akashuka chini ya nyumba kuchukua mtungi wa maharage aliyoyasindika.

Aliporudi, sinia lilikuwa linang'aa.

Twyla alikuwa amelisimamisha ukutani lijikaushe, akijifuta mikono kwa aproni, uso umemnawiri. "Nimekuoshea, wifi! Lilikuwa limegandamana, we! Nilimwaga yale mafuta yote nyuma ya nyumba nikasugua mpaka kucha zikaniuma."

Ludema aliweka mtungi mezani kwa uangalifu mkubwa, jinsi mtu anavyoweka kitu asije akakirusha.

"Ulimwaga," akasema.

"Yote. Usijali, sikuziba sinki."

"Wifi. Huo ndio uliokuwa mchuzi."

Twyla akalitazama sinia, akamtazama Ludema, akalitazama tena sinia. Uso ukaanza kumvunjika. "Kwetu... kwetu mchuzi tunanunua wa chupa," akasema, akipandisha aproni machoni.

"Shh! Usilie. Ukilia, lia kimya kimya." Ludema akainua macho kwenye kioo. Orbin alikuwa pale pale, funguo gotini, shingo imenyooka kama ya kuku aliyesikia mwewe. Akijua hakuna mchuzi, sheria ya Mama haina tena kamba ya kumfunga. Atavaa kofia aondoke, na hatakuwa amevunja kitu. Na dukani hakuendeki, kila kitu bondeni kimefungwa.

Akafikiri. Hakufikiri kwa mpangilio. Alifikiri kama mtu anayeteleza kwenye barafu, mikono inashika chochote. Kopo la mafuta ya bekoni lilikuwepo, lile kopo la zamani la kahawa linalokaa kando ya jiko mwaka mzima. Palikuwa na sufuria ndogo nyuma, shingo na firigisi za bata zikichemka kwa ajili ya mbwa wa Doyle. Mbwa atasamehe. Unga, lakini si ule wa kwenye pipa wenye hamira, ambao ungefura na kupanda mpaka kwenye dari. Ule wa kawaida, nyuma ya chumvi. Na kikaango cha chuma cha Mama Icie, kizito hivi kwamba mtu alikinyanyua kwa mikono miwili na sala fupi.

"Ngoja hapa," akamwambia Twyla kwa mnong'ono. "Usiguse kitu. Kwa jina la Yesu, wifi, usioshe kitu."

Mafuta yakayeyuka. Akamwaga unga, akaanza kuukoroga kwa mwiko. Mchuzi wenye ukoko una rangi tayari. Huu ilibidi aupe rangi kwa mkono, kwa moto mdogo, bila kupumzika, mpaka unga uwe wa rangi ya ganda la jozi. Ndivyo Mama Icie alivyoita: rangi ya jozi. Ukiwa mweupe, ni gundi ya karatasi. Ukizidi weusi, ni majivu. Na ukiacha kukoroga kwa muda wa kupiga chafya, chini umeungua.

Alikoroga. Bega likaanza kusema. Kwanza lilinong'ona, kisha likaongea, kisha likapiga kelele. Unga ulikuwa bado wa rangi ya mchanga. Akahamia mkono wa kushoto, mkono wa kushoto ukakoroga kama mlevi. Harufu ya kuungua ikainuka, ndogo tu, lakini Ludema aliisikia.

Na kwenye kioo mambo yalikuwa yanaharibika. Twyla hakuwepo tena nyuma yake. Alikuwa sebuleni, ameinama sikioni kwa mumewe, akijifuta macho kwa aproni. Maana alikuwa mwanamke mwaminifu, na kosa lake lisingeweza kulala ndani yake hata robo saa. Ludema aliiona midomo ikienda. Aliona Orbin akiinuka. Aliona kofia ikipanda kichwani.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

"Lu, unaunguza unga." Doyle alikuwa amefuata pua yake. Hakuuliza sinia liko wapi, wala kwa nini mchuzi unatoka kwenye kopo. Alimpokonya mwiko tu, akapanga miguu mbele ya jiko kama alivyoipanga utotoni, alipokuwa bado anasimama juu ya kigoda. "Sogea. Toka zamani hujui kukoroga. Wewe unazungusha usukani."

"Daktari alisema usijichoshe."

"Daktari hajawahi kula mchuzi wa Mama. Punguza moto."

Ludema alipunguza moto, na kivuli kikaingia mlangoni. Orbin. Koti, kofia, funguo.

"Twyla anasema hakuna mchuzi."

"Twyla anasema hakuna ukoko. Mchuzi uko njiani."

"Bila ukoko hakuna mchuzi, Ludema. Usinizungushe tena leo, umeshanizungusha vya kutosha. Nimekaa kwa heshima ya Mama, sasa..."

"Mwaka ule mbwa walipomwiba bata mzima pale barazani," Ludema akamkata, "Mama alipika mchuzi kwa kitu gani?"

Orbin akalitupia jicho lile kopo kando ya jiko.

"Kwa kitu gani, Orbin?"

"Kwa kopo."

"Na alikuwa na vidole vyake vile vilivyojikunja, hakuweza kushika mwiko wala jagi. Nani alimimina?"

"Mimi." Alilisema kama mtu anayeng'olewa jino.

"Na nani alikoroga?"

Aliyekoroga alikuwa pale pale, amempa mgongo, mwiko unazunguka.

Ludema alichukua jagi, akalijaza supu ya shingo na firigisi, akaliweka mikononi mwa kaka yake, funguo zikiwa bado humo humo. "Basi mimina. Ukimaliza, ondoka. Sitakuzuia."

Aliona mkono wa Orbin ukilegea, ukiitaka meza. Ukiliweka lile jagi chini, basi tena. Kisha Orbin akachungulia ndani ya kikaango juu ya bega la mdogo wake, kwa udadisi tu, na akakunja uso.

"Mwambie huyo bwana bado haujafika rangi ya jozi."

"Mwambie huyo bwana," akasema Doyle bila kugeuka, "kwamba rangi ya jozi ameisahau. Mti wake aliukata."

Ludema akafumba macho. Akangoja mlango upigwe kishindo.

Haukupigwa. Orbin alisogea hatua moja, hasira imempanda masikioni, lakini jicho lake halikubanduka kwenye unga. "Sasa," akasema. "Sasa hivi, kabla haujaungua." Na akaanza kumimina.

Supu ikashuka nyembamba kama uzi. Kikaango kikatoa mlio, mvuke ukawapanda usoni wote wawili, na mwiko wa Doyle ukaupokea ule uzi na kuuzungusha. Mikono yao ilijua kazi, hata kama vichwa vilikuwa vimegombana. Ludema alirudi nyuma mpaka sinki likamgusa mgongo. Maisha yake yote alikuwa amesimama kati ya hawa wawili, kwenye kiti cha kanisa, kwenye godoro, kwenye gari la baba yao, na leo hakusimama kati. Aliwatazama kwenye kioo.

"Polepole," Doyle akamwambia kikaango.

"Namimina alivyomimina Mama."

"Mama alimimina kama anaogopa supu itamuuma. Wewe unamwagilia bustani."

"Na wewe koroga, uache kupiga porojo."

Hawakusema tena "mwambie." Ludema alilisikia hilo, akashika ukingo wa sinki.

Lakini jagi lilikuwa bado nusu pale mwiko ulipoanza kupunguza mwendo. Doyle alikuwa ameinamia jiko kidogo. Mkono wake wa kushoto, ule usiokuwa na kazi, ulikuwa umepanda kifuani na kukaa pale. Midomo ilikuwa imepoteza rangi.

"Koroga, Doyle."

Lilikuwa jina lake. Kwa miaka yote ile Orbin hakulitamka, hata alipomtaja alisema "yule."

"Nakoroga."

"Hukorogi, unabembeleza. Una nini wewe?"

"Joto la jiko."

"Joto gani la jiko linalompa mtu midomo ya buluu?" Orbin aliinua uso kumtafuta dada yake, na macho yao yakakutana kwenye kioo. Ludema aliapa asiseme. Alibana meno mpaka taya likauma. Hakusema. Lakini uso wake haukuwahi kula kiapo.

"Doyle," Orbin akasema tena, chini zaidi. "Una nini?"

Mwiko ulizunguka mara moja, mara nyingine.

"Jumatatu wananipasua kifua," Doyle akasema. "Moyo. Sasa unajua. Mimina."

Orbin hakumimina. Alisimama na jagi limeinama, uzi wa supu umekatika, unga unanguruma kwenye kikaango. Ludema aliuona ukianza kukauka na kujikusanya, akauona, na hakufungua kinywa.

"Ule mti ulikuwa umeoza ndani," Orbin akasema. Sauti ilimtoka kama mtu aliyeibeba muda mrefu hadi imechubuka. "Ulikuwa umeegemea chumba cha Mama. Upepo mmoja tu, na mti ungelala juu ya paa."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo," Doyle akasema. "Ningekataa kwa matusi. Halafu ningetoka kitandani nikaja kukushikia kamba."

Hapo jagi likamponyoka Orbin. Halikuanguka, liliinama tu, lote kwa pamoja, na supu yote iliyobaki ikatua katikati ya kikaango, bwaa! Doyle akaushika mwiko kwa mikono miwili akakoroga kama mtu anayeokoa mtoto mtoni, Orbin akanyakua uma akapiga upande wake, wakagongana viwiko, wakatukanana matusi ambayo Mama Icie angewasugulia ndimi kwa sabuni, wakisukumana begani kwa bega juu ya moto.

Wakati walipotulia, mchuzi ulikuwa na rangi ya jozi kamili, harufu ya bekoni, na madonge. Si madonge machache. Mengine yalikuwa makubwa kiasi cha kustahili kupewa majina.

Wote wawili wakakitazama kikaango.

"Saa ngapi hiyo Jumatatu?" Orbin akauliza.

"Alfajiri. Lu atanipeleka."

"Ludema?" Orbin akavuta pua, akaifuta kwa mkono wa koti. "Ludema anaendesha kama anakimbizwa na nyuki. Utakufa kabla hujafika hospitali. Nitakupeleka mimi."

Kila mtu bondeni anajua nini kingemkuta mtu mwingine yeyote aliyesema neno hilo mbele ya Ludema Stiltner. Damu ilimpanda. Mvua yote ile, theluji yote ile, watoto wote wale, basi lisilo na mkwaruzo! Mkono wake ulikuwa umeshashika uma mrefu. Akauweka chini.

"Kweli," akasema. Neno lile lilipita kooni kama mfupa. "Mimi siku hizi naendesha vibaya sana."

Doyle alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka, cheko fupi la mtu anayeogopa kuumia. "Sawa," akamwambia kaka yake. "Lakini huwashi redio yako ile."

Ludema akachukua bakuli la mchuzi. Chujio lilikuwa ukutani, kwenye msumari wake, mkono usingehitaji hata kunyooka. Angechuja, na mchuzi ungeshuka laini kama hariri, kama wa Mama. Alilitazama chujio. Akaliacha pale pale, akamimina mchuzi na madonge yake yote.

Wakashikana mikono kuzunguka meza. Ludema alijipanga upesi karibu na Twyla, akakishika kiganja chake chenye sabuni bado, na hivyo kwa upande wao wa pili wale wawili hawakuwa na mtu wa kumshika ila wao wenyewe. Orbin ndiye aliyesali. Alishukuru kwa bata, kwa viazi, kwa mikono iliyopika. Akafika mahali akakwama, mpaka Doyle akamfinya mkono. "Sema amina, chakula kinapoa."

"Amina," akasema Orbin. Sala ilikuwa imeisha. Ludema alingoja, jicho kwenye kofia. Orbin aliivua, akaitafutia mahali, akaitundika kwenye egemeo la kiti chake, akavuta sahani.

Twyla ndiye aliyekuwa wa kwanza kuonja mchuzi, kwa hofu, kama mtu anayeionja hukumu yake. Akatafuna. Macho yakamfunguka.

"We! Na hivi vidonge vya ndani ni vitamu. Mnaviitaje? Ni kitu cha kwenu?"

"Hivyo ni vya Doyle," Orbin akasema. "Hajui kukoroga."

"Vya Orbin hivyo, shemeji. Alimwaga jagi zima kama anazima moto."

"Wewe uliacha mwiko."

"Wewe uliacha kumimina! Muulize Lu, alikuwa anatazama kwenye kile kioo chake."

Wote wakamgeukia. Ludema alikuwa na donge kubwa mdomoni, laini kwa nje, unga mkavu kwa ndani, ukimganda kwenye fizi. Alilitafuna mpaka mwisho, akalimeza kwa maji, akanyoosha mkono kuchukua lingine.

"Mimi sikuona kitu," akasema. "Nisogezeeni mchuzi huku."